Maji ya onsen za pwani ya Japani: chumvi ile inatoka chini ya ardhi, au wanavuta bahari na kuichemsha?

#1 Mkorosho

Wakuu, habari za leo.

Naleta jambo lililonikaa kichwani tangu wiki iliyopita. Nilikuwa Yokohama kwa kozi ya wiki tatu. Mwishoni mke wangu akanifuata, tukajipa zawadi ya usiku mmoja kwenye ryokan, zile nyumba za wageni za kijadi za Wajapani zenye maji moto ya asili, yaani onsen. Tulichagua Atami, mji wa pwani mkoa wa Shizuoka. Kwa treni ya kasi kutoka Tokyo haiishi saa nzima, umeshaiona bahari.

Tulifika saa tisa alasiri. Viatu vinaachwa mlangoni. Mama mmoja mtu mzima aliyevaa kimono akatupeleka chumbani, akapiga magoti, akatumiminia chai ya kijani na kutuwekea vitafunwa viwili vya maharage matamu. Chumba hakina kitanda. Kina mikeka minene wanayoiita tatami, meza fupi, na dirisha ambalo upande mzima ni bahari. Tulipokuwa ukumbini tunakula chakula cha jioni, watu wakaingia kututandikia magodoro sakafuni. Tuliporudi tukakuta shuka halina hata kunyanzi moja. Sijawahi kuhudumiwa hivyo popote.

Sasa hoja. Bwawa la kuogea la nje limejengwa juu ya miamba, bahari iko hatua thelathini chini yako. Maji yakanirukia mdomoni: chumvi. Mimi ni mtu wa Lindi, ladha ya bahari naijua tangu sijaota meno. Asubuhi nikamuuliza yule mama, akanijibu kwa simu ya kutafsiri kwamba maji yanatoka ardhini, na kwamba hapo kale yalikuwa yakitoka ndani ya bahari, mpaka mtawa mmoja wa Kibudha akaomba dua yakahamia nchi kavu.

Mimi naona wanavuta maji ya bahari na kuyachemsha. Tulilipa yeni 24,000 kwa kichwa, si kwa chumba, pamoja na milo miwili. Nataka kujua nimelipia nini.

La pili: nilitoka majini saa tatu usiku, nje baridi ya Februari, nimevaa yukata, lile joho jepesi la pamba la wageni, na koti jepesi juu. Mpaka saa tano mwili bado una joto kama nimetoka jikoni. Nikienda kwa shemeji Njombe nikaoga maji ya moto, dakika kumi nyingi, meno yanagongana. Kwa nini?

#2 Kigodoro77

Nimeweka kiti. Mkuu, weka picha za hicho chakula.

#3 Dada_Fukuoka

Mkorosho, karibu tena nyumbani. Naishi huku mwaka wa saba sasa, niruhusu nikurekebishe kabla uzi haujaenda mbali.

Neno onsen halitumiki ovyo. Kuna Sheria ya Onsen ya 1948. Ili maji yaitwe onsen ni lazima yatoke ardhini yakiwa na nyuzi joto 25 au zaidi, au yawe na angalau kimoja kati ya viambato 19 vilivyotajwa na sheria kwa kiwango kilichowekwa. Na chumba cha kubadilishia nguo lazima kibandikwe karatasi ya vipimo: aina ya maji, joto lake, madini yaliyomo, na nani hapaswi kuoga. Tangu 2005 wanalazimika pia kuandika kama wameongeza maji ya kawaida, kama wameyapasha moto, kama wanayazungusha na kuyachuja, na kama wametia kitu ndani. Hiyo ilikuja baada ya kashfa ya 2004, ilipogundulika kwamba sehemu moja maarufu ya milimani Nagano walikuwa wanatia dawa ya rangi ili maji yaonekane meupe kama maziwa.

Zipo nyumba zinazochemsha maji ya bahari, tena ni desturi ya zamani. Lakini huitwa shioyu, "maji moto ya bahari", na hawakufichi.

#4 FundiKisima

Salaam kutoka Mombasa. Mimi nachimba visima, kwa hiyo hapa mmenigusa kazi yangu.

Sheria haiondoi chumvi. Hapa kwetu Nyali ukichimba kisima karibu na ufuo, miaka ya kwanza maji ni baridi na matamu. Majirani nao wanachimba, hoteli nazo zinachimba, kila mtu anavuta kwa pampu. Maji matamu yanapungua, bahari inasogea chini kwa chini, na siku moja mteja anakupigia simu kwamba chai imekuwa chumvi. Hakuna aliyeleta ndoo ya bahari pale. Bahari imekuja yenyewe.

Kwa hiyo yule mama huenda anasema kweli, maji yanatoka ardhini, na Mkorosho naye anasema kweli, ni bahari. Kinachowashangaza wageni ni kwamba tu chini yake kuna moto.

#5 Mkorosho

Dada_Fukuoka, asante. Hiyo karatasi niliiona ukutani nikaipiga picha bila kujua ni nini. Nimempa kijana mmoja anayesoma Kijapani anisomee. Aina: maji ya kloridi ya sodiamu na kalsiamu. Joto kwenye chanzo ni juu ya nyuzi 60. Jumla ya madini ni gramu 9 na kidogo kwa kilo ya maji. Kuna mstari unaosema wameongeza maji ya kawaida ili kupunguza joto.

Kumbe hawakuchemsha, wanapooza! Kwenye hilo nimekosea, nakubali. Lakini chumvi bado iko palepale.

#6 Jotoardhi_Naivasha

Nimefanya kazi ya mvuke wa ardhini miaka mingi hapa Bonde la Ufa, na mafunzo nilipata Kyushu, kwa hiyo nimeoga na kupima maji ya aina hiyo. Nitasema kwa kirefu.

Bahari ina gramu 35 hivi za chumvi kwa kilo. Yako yana 9. Kwa hiyo si bahari tupu, labda ni bahari iliyochanganyika na mvua iliyozama mlimani. Lakini usiishie kwenye jumla, tazama magnesiamu. Maji ya bahari yana magnesiamu nyingi kuliko kalsiamu. Yakizama chini na kukutana na miamba ya moto, miamba inanyonya magnesiamu na kuachia kalsiamu. Kama karatasi yako ina kalsiamu nyingi na magnesiamu kidogo sana, maji hayo yamepikwa chini ya ardhi muda mrefu. Hakuna tanuri la hotelini linaloweza kufanya hivyo.

Chumvi yenyewe ina njia tatu. Kwanza hiyo ya FundiKisima, bahari ya leo kupenya. Pili, bahari ya kale: maji yaliyonaswa ndani ya mashapo wakati pale palikuwa sakafu ya bahari, yakafunikwa, sasa yanatobolewa na visima. Tatu, maji yanayotoka kwenye bamba la dunia lenyewe, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia kinachosogea. Bamba la Bahari ya Ufilipino linazama chini ya Japani, linabeba maji ndani ya madini yake, na kwenye kina kirefu joto na mgandamizo huyakamua. Mfano mkubwa ni Arima, nyuma ya Kobe. Ni milimani, hakuna volkano karibu, lakini maji yake yana chumvi kuliko bahari. Huwezi kusema bahari ilipanda mlima.

Atami imekaa ubavuni mwa volkano za kale, rasi ya Izu ilikuwa kisiwa kikaja kugonga nchi kavu, na mwaka 1989 volkano ililipuka chini ya bahari mbele ya Ito, mji wa jirani. Pale njia zote zinaweza kukutana kwenye kisima kimoja.

#7 FundiKisima

Mhandisi nimekusoma. Ila kisima kilichoko mita hamsini kutoka ufukweni kina chumvi, na wewe unaniambia chumvi imetoka kwenye bamba linalozama maili na maili chini? Mimi nashika la karibu kwanza.

#8 Jotoardhi_Naivasha

#7, ndiyo maana hupimwa oksijeni na hidrojeni nzito zilizo ndani ya maji. Mvua ina alama yake, bahari ina yake, na maji ya Arima yana alama ambayo si ya huku wala ya kule. Bila kipimo hicho mimi na wewe tunabishana kwa ulimi.

#9 BintiMwani

Ulimi si haba, mbona Mkorosho kauanza uzi mzima kwa ulimi wake.

Wageni wengi hawajui maana ya jina Atami. Herufi zake mbili ni "moto" na "bahari". Bahari ya moto. Ile hadithi ya mtawa ndiyo chimbuko: wavuvi waliona samaki wanakufa kwa maji yanayochemka baharini, mtawa Mangan akaomba dua, chemchemi ikahamia nchi kavu. Wanasema ni karne ya nane. Wakati wa Edo, zama za utawala wa mashoguni wa ukoo wa Tokugawa, maji ya Atami yalitiwa kwenye mapipa na kubebwa hadi ngome ya shoguni. Tokugawa Ieyasu mwenyewe, shoguni wa kwanza wa ukoo huo, alikwenda kuoga mwaka 1604. Watu hawabebi bahari iliyochemshwa umbali wote huo.

Ila mimi swali langu ni jingine. Ni kweli mnaoga uchi kabisa? Hata kanga hakuna?

#10 Kigodoro77

Hili ndilo nilikuwa nalisubiri.

#11 Mkorosho

BintiMwani, uchi kabisa. Wanaume upande wao, wanawake wao. Pazia la buluu mlangoni ni wanaume, jekundu ni wanawake, na usiku wanabadilisha ili kila mgeni aonje mabwawa yote mawili. Asubuhi nusura niingie la jana bila kutazama pazia, mke wangu akanishika mkono.

Kwanza unakaa kwenye kigoda, unajisugua kwa sabuni mpaka unatakata, unajisuuza, ndipo unaingia majini. Kitaulo kidogo unacho, lakini hakiingii majini, wazee wanakikunja na kukiweka kichwani. Dakika tano za kwanza nilitamani ardhi inimeze. Halafu nikaona hakuna anayenitazama. Mzee mmoja wa umri wa babu yangu akanionyesha kwa mkono pale ambapo maji si makali sana. Nikakaa karibu naye, tukatazama taa za mashua za uvuvi mpaka akaondoka. Hatukusemezana neno.

#12 Mama_Rustaq

Assalam alaykum nyote. Nawasoma kutoka Oman.

Huku kwetu Rustaq tuna Ain Al Kasfah, maji yanatoka na joto la nyuzi 45 hivi, yana salfa, watu wanakuja kwa maumivu ya viungo. Vyumba vya kuogea vimegawanywa, wanaume kwao na wanawake kwao, na kila mtu kajisitiri.

Mwanangu wa kike alikwenda Japani na mumewe. Kwetu sisi uchi mbele ya watu hauna ruhusa, hata wanawake kwa wanawake. Wakauliza kabla ya kulipa. Ryokan nyingi zina bwawa la familia, unalikodi kwa dakika arubaini na tano au saa moja, mnafunga mlango, ni nyinyi wawili tu. Nyingine zina bwawa kwenye baraza ya chumba. Bei inapanda lakini sitara imepatikana.

Chakula ndicho kilichowapa taabu zaidi. Mchuzi wa samaki unatiwa mirin, na mirin ni pombe. Hata mboga inachemshwa nayo. Waliandika barua wiki mbili kabla, na wenyeji wakawapikia samaki wa kuchoma kwa chumvi tupu, wali, na supu ya mwani. Mtu asiende akategemea kueleza siku hiyohiyo mezani, jikoni wameshaanza tangu asubuhi.

#13 BintiMwani

Bi mkubwa, ahsante sana, hilo la kuandika mapema nimelishika.

Supu ya mwani! Sisi Paje tunaulima mwani, tunauanika, unapakiwa kwenye magunia unaondoka. Wangapi kati yetu tumewahi kuula?

#14 Mkimbiaji_Chiba

Niaje wadau. Mimi ni Mkenya, nakimbilia timu ya kampuni huku. Wakenya tuko wengi kwenye mbio za kupokezana za Japani, na baada ya kambi za mazoezi kocha anatupeleka onsen. Kwa hiyo nimeoga nyingi, za mlimani na za baharini.

Kuhusu joto la Mkorosho: huku wanasema maji ya chumvi ni "maji ya joto". Chumvi inabaki kwenye ngozi kama utando mwembamba, jasho halikauki haraka, joto linabaki ndani. Ndiyo maana kocha anatukataza kujisuuza kwa maji baridi tukitoka.

Kuhusu uchi, mwenzangu mmoja ana tatuu begani, alizuiwa mlangoni. Tukasafiri mwendo mwingine, kule wakampa plasta kubwa ya kuifunika.

#15 Nesi_Dodoma

Mkimbiaji, huo utando nauona unatajwa kila mahali. Mimi sijaridhika nao.

Ukikaa dakika ishirini kwenye maji ya nyuzi 41 au 42 mpaka shingoni, damu nyingi inapita kwenye ngozi iliyopanuka mishipa, na joto la ndani ya mwili linapanda lenyewe. Ukitoka, mwili mzima ni jiwe la moto. Bafuni Njombe unamwagiwa maji mgongoni, mbele unapigwa na upepo, hukuzama. Halafu Mkorosho alikula vyombo kumi na kitu vya chakula kabla. Kula nako kunazalisha joto. Hapo sihitaji chumvi hata chembe.

Na naomba wasomaji wazee mnisikilize: msiingie mkiwa mmelewa, na msitoke kwenye baridi kali mkazama ghafla kwenye maji ya moto. Presha inayumba. Jimwagieni kwa kata kwanza, kuanzia miguuni.

#16 Mkorosho

Nesi, umenikumbusha kitu. Mke wangu alijisuuza kwa maji ya kawaida kabla ya kuvaa, kwa sababu ya nywele. Mimi sikujisuuza. Na yeye alisema amepata joto lilelile mpaka akatupa blanketi usiku. Sasa utando wake ulikwenda wapi?

#17 Mkimbiaji_Chiba

Labda ulikuwa umeshaingia kwenye ngozi. Jana baada ya mazoezi nimejaribu: bafuni kwangu maji ya nyuzi 41 bila chumvi, dakika kumi na tano. Nilipoa haraka kuliko onsen. Leo nitatia kilo nzima ya chumvi.

#18 Dada_Fukuoka

Tia, lakini bafu lako si bwawa la kujinyoosha mpaka shingoni. Nesi ana hoja kwenye kuzama.

Kuhusu tatuu, watu husema ni kwa sababu ya yakuza, magenge ya majambazi wa huku, na kuishia hapo. Si hilo tu. Wakati wa Edo wahalifu walichorwa alama mkononi au usoni kama adhabu. Kisha serikali ya Meiji, iliyokuja baada ya mashoguni, ikapiga marufuku tatuu mwaka 1872, na katazo likadumu mpaka 1948. Filamu za majambazi zikaja juu ya hayo yote. Mwaka 2015 Wakala wa Utalii wa Japani uliuliza hoteli na ryokan, na asilimia 56 hivi zikasema haziruhusu, asilimia 31 zinaruhusu, zilizobaki zinaruhusu ukifunika. Uliza kabla, kama alivyosema Mama_Rustaq kuhusu chakula.

#19 Ras_Kigamboni

Mimi nadhani ni usafi tu. Wino ungechafua maji.

#20 Dada_Fukuoka

Ras, wino uko chini ya ngozi, hautoki.

#21 Ras_Kigamboni

Sawa dada. Basi nina hili: nasikia hoteli kongwe kuliko zote duniani iko hapohapo Atami. Ni kweli?

#22 Dada_Fukuoka

Hapana. Ni Nishiyama Onsen Keiunkan, iko Yamanashi, milimani, mkoa usio na bahari. Inahesabiwa tangu 705. Ya pwani yenye historia ndefu kweli ni Shirahama, Wakayama, inayotajwa pamoja na Arima na Dogo kama onsen tatu za kale. Shirahama kuna bwawa la Saki-no-yu, liko juu ya miamba, mawimbi yakiwa makubwa wanalifunga. Pale, Mkorosho, ungekunywa bahari bila kuuliza.

#23 Mzee_Korogwe

Vijana, mjadala mzuri. Sisi Tanga tuna maji ya moto ya salfa ya Galanos, kule Amboni. Nilipelekwa na baba nikiwa na ukurutu. Hapakuwa na chai wala mkeka, palikuwa na maji tu na harufu ya yai bovu. Ukurutu ulipona, ingawa mama alikuwa ananipaka pia mafuta ya mwarobaini, kwa hiyo mpaka leo sijui nimshukuru nani.

Swali langu kwa Mkorosho: kile kitafunwa cha chumbani. Kwa nini mgeni apewe kitu kitamu kabla hata hajaoga?

#24 Mkorosho

Mzee wangu, shikamoo. Nilidhani ni ukarimu tu, kama kwetu mgeni anavyopewa maji.

#25 Nesi_Dodoma

Shikamoo mzee. Kuoga maji ya moto na njaa kunaleta kizunguzungu. Mgeni amesafiri, hajala tangu mchana, anakimbilia bwawani. Sukari kidogo na chai inamlinda. Naona ni busara ya kitabibu.

#26 Dada_Fukuoka

Hivyo ndivyo wengi wanavyoeleza huku. Lakini tazameni duka dogo lililo karibu na mapokezi: kitafunwa kilekile kinauzwa kwa maboksi. Ukishakionja chumbani, kesho unawanunulia wenzako wa ofisini. Mimi mwenyewe nimenunua mara nyingi, na wenzangu wakafurahi.

#27 Mama_Rustaq

Nanyi mmekwenda mbali. Mgeni akija hupewa kahawa na tende. Nani ameuliza sukari ya damu?

#28 Kigodoro77

Chakula cha jioni bado hakijaelezwa, Mkorosho. Usitukwepe.

#29 Mkorosho

Haya. Kilikuja kidogokidogo, kila chombo na umbo lake. Samaki wabichi waliokatwa vipande, pweza, kombe. Samaki mwekundu mwenye macho makubwa, wanamwita kinmedai, ndiye fahari ya Izu, kapikwa kwenye mchuzi wa soya wenye utamu. Nilikula mpaka macho yake. Kulikuwa na chungu kidogo juu ya mshumaa, unachemshia mwenyewe mezani.

Lakini kilichonishika moyo ni staftahi. Waliniletea samaki aliyepasuliwa, kutiwa chumvi, kuanikwa, kisha kuchomwa. Wakuu, ni ng'onda! Ng'onda kabisa, wa bibi yangu. Nilikwenda nusu ya dunia nikakutana na ng'onda kwenye sahani ya kauri, na wali mweupe pembeni. Nikampigia mama simu papo hapo.

#30 BintiMwani

Hapo umeniliza. Nao wanaanika juani ufukweni?

#31 Mkorosho

Ndiyo. Asubuhi tuliwaona kwenye vichanja vya wavu karibu na bandari, na harufu ni ileile.

#32 Msafiri_Kanazawa

Nimechelewa kuingia. Niliwahi kulala Wakura, kwenye rasi ya Noto, mwaka 2019. Maji yake ni chumvi kali kuliko ya Atami, na hata jina linaelezwa kuwa ni "ghuba inayobubujika maji moto". Nao wana hadithi yao: mvuvi alimwona korongo mweupe akiuguza mguu kwenye maji yanayobubujika baharini.

Tarehe 1 Januari 2024 tetemeko la 7.6 lilipiga Noto, na ryokan za Wakura zikaharibika vibaya, zikafunga. Namkumbuka mama aliyetuhudumia, alitusindikiza mpaka barabarani akatupungia mkono hadi basi likapinda kona. Ninapotazama picha za majengo yale yaliyopasuka, yeye ndiye ninayemwaza. Watu wakirudi kwenda kule, naomba waende.

Na mnaolala ryokan za pwani: nyuma ya mlango wa chumba kuna ramani ya kukimbilia mlimani tsunami ikija. Isomeni kabla ya kwenda kuoga.

#33 Mkorosho

Msafiri, pole sana. Ramani hiyo niliiona, nikaipita. Sitaipita tena.

#34 FundiKisima

Pole kwa watu wa Noto.

Ila tazameni: Atami, maji yalitoka baharini. Wakura, maji yalitoka baharini. Hadithi mbili, miji miwili iliyo mbali, na zote zinasema chanzo kilikuwa chini ya bahari. Wazee hawakuwa na vipimo lakini walikuwa na macho. Narudi palepale, ni bahari.

#35 Jotoardhi_Naivasha

Fundi, chemchemi kutokea chini ya bahari haimaanishi maji yake ni ya bahari. Mvua ya mlimani inaweza kupita chini na kuibukia majini. Nyinyi wa Pwani si mna sehemu maji matamu yanabubujika ufukweni bahari ikitoka?

Na Atami kulikuwa na Oyu, chemchemi iliyokuwa ikiruka juu kwa mvuke na kishindo, mara sita kwa siku. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Rutherford Alcock, alikwenda na mbwa wake Toby, mbwa akaunguzwa na maji hayo akafa, na kaburi lake lipo mpaka leo. Baadaye ilipungua nguvu ikasimama, tetemeko kuu la 1923 likaiamsha kwa muda, na hatimaye ikazima. Inayoonekana sasa inarushwa kwa mitambo. Nguvu kama ile ni ya moto wa chini. Bahari inaweza kuleta chumvi, lakini haileti kishindo.

#36 FundiKisima

Chemchemi hizo tunazo, kweli. Lakini maji yake ni matamu, mhandisi. Matamu! Umenisaidia mimi.

#37 Mkimbiaji_Chiba

Matokeo ya kilo ya chumvi: joto lilikaa zaidi, naapa. Ngozi ilinata. Lakini usiku wa leo pia nilikuwa nimekula ugali, na mara ya kwanza nilikuwa sijala.

#38 Nesi_Dodoma

Basi rudia bila ugali. Na uandike saa.

#39 Ras_Kigamboni

Wakuu, yukata unafungaje? Mimi nina safari mwezi wa kumi.

#40 Dada_Fukuoka

Upande wa kushoto uwe juu ya wa kulia, kwa mwanamume na mwanamke. Kulia juu ya kushoto ni jinsi maiti anavyovishwa. Ukikosea, mama wa ryokan atakurekebisha haraka, kwake ni kama amekuona umejifunga sanda. Na bahashishi haidaiwi. Kodi ya kuoga mara nyingi ni yeni 150 kwa mtu, utaiona kwenye risiti.

#41 Mkorosho

Mke wangu amesoma uzi wote jana usiku. Anasema yeye hajali maji yametoka wapi, anataka turudi Novemba, msimu wa kaa, na ameshachagua Kinosaki, ule mji ambako watu wanatembea usiku na yukata na viatu vya mbao, wakizunguka hamamu saba za nje. Jotoardhi na Fundi, nijibuni kabla sijaweka pesa: Kinosaki hakiko ufukweni kabisa, kiko mtoni, kilomita chache ndani. Maji yake nayo yana chumvi?

#42 Dada_Fukuoka

Yana chumvi. Sodiamu na kalsiamu kloridi, kama yako ya Atami.

#43 FundiKisima

Mto. Bahari inapanda mtoni.

#44 Jotoardhi_Naivasha

Mkorosho, ukifika piga picha ya karatasi ya ukutani katika hamamu zote saba. Safari hii tuletee na magnesiamu.